Nilitundika mikebe ya mishumaa kwa veranda, majirani wakaja na mursik wakidhani kuna harusi

Wakuu, chamgei. Shikamoo huku kwetu hatuna, pokeeni hiyo.

Nimekuwa msomaji tu humu, leo nimeamua kuandika kwa sababu nina hasira na nina furaha, zote mbili kwa tumbo moja. Ninachosema ni kweli tupu. Nikiongeza chumvi, stima isirudi kwangu mpaka Krismasi.

Niko karibu na Sosiot, ndani ndani huko kwa chai. Mimi si Mkipsigis. Baba yangu alitoka Kisii akaja kuchuna chai kwa estate, mimi nikazaliwa huku, nikasomea huku, nikaolewa huku. Mtoto wetu anaitwa Chebet. Ana miaka miwili na mikono kumi.

Tunakaa boma moja na mama mkwe. Kila mtu anamuita Kogo, yaani nyanya, tangu Chebet azaliwe. Mimi pia namuita hivyo.

Sasa shida ni hii. Mvua ya huku mnaijua. Ikianza saa nane mchana, mti unaangukia waya mahali, stima inaenda. Sola ndogo tunayo, lakini jua lenyewe huku linakuja kama mgeni, linakunywa chai linaenda. Kwa hivyo ni mshumaa.

Na mshumaa kwa meza, na Chebet, haviwezi kukaa nyumba moja.

Siku hiyo nilikuwa nasonga ugali. Nikageuka mara moja tu. Mtoto amevuta kitambaa cha meza, mshumaa umekuja nacho, na nywele zake za mbele zinanuka kama manyoya ya kuku ukichoma. Nilimrukia na mwiko mkononi. Hakuungua ngozi, namshukuru Mungu. Kitambaa kilikufa.

Usiku huo usingizi ulikataa.

Sasa sikieni watu walisema nini. Kogo: "Chunga mtoto." Mume wangu: "Tutaangalia hiyo maneno." Jirani yetu Mama Naomi, ambaye mdomo wake unafika Kericho town kabla yeye hajavaa gumboots: "Watoto wa siku hizi hawapigwi."

Tutaangalia! Wakuu, mimi nilikuwa nimeshaangalia. Nilichoona ni nywele za mtoto wangu zikiungua.

Nikaamua mshumaa utapanda juu. Utaning'inia kwa boriti kama taa ya watu wenye pesa, na Chebet hataufikia, ataomba maji tu.

Nikaingia kwa simu kutafuta video. Kuna dada mmoja anakata chupa na uzi. Unalowesha uzi kwa spirit, unauzungushia chupa, unawasha, unatumbukiza kwa maji baridi, chupa inakatika safi kama sabuni. Anatabasamu na kucha zake ndefu.

Uongo mtupu. Chupa yangu ilipasuka ikawa changarawe. Nikaokota vipande vya kioo sakafuni asubuhi yote huku nimemfunga mtoto mgongoni. Huyo dada nikimpata tutaongea.

Basi nikaachana na kioo. Nyumbani kulikuwa na mikebe ya maziwa ya unga ya Chebet, nilikuwa nimeweka tu, kwa sababu mama hatupi mkebe. Nikasema nitatoboa hii.

Mkebe wa kwanza nikapiga msumari, ukabonyea. Ukatoka kama umekanyagwa na ng'ombe. Nilikaa chini nikafikiria. Shida ni kwamba ndani ni hewa, hakuna kitu cha kushikilia msumari.

Nikaenda kwa shamba nikachota udongo mwekundu uliolowa, nikaujaza mpaka mdomo, nikashindilia na mwiko. (Mwiko mwingine, mnitulie.) Sasa ukipiga msumari, tundu linatoka duara safi na mkebe haubonyei. Hiyo hakuna video iliniambia.

Nikachora na makaa kwanza halafu nikafuata mstari na msumari. Nilichora kitu nilichoona maisha yangu yote: majani mawili na kichipukizi katikati. Chai. Ukiwa umezaliwa kwa estate unaweza kuichora ukiwa umelala.

Ukimaliza unamwaga udongo, unaosha, unagonga mdomo wa mkebe usikate mtu. Matundu mawili juu, waya wa fensi kama mkono wa ndoo. Chini unaweka mchanga kidogo, mshumaa mfupi unasimama hapo. Mara ya kwanza niliufunga na kamba ya katani badala ya waya. Kamba ikashika moto, mkebe ukaanguka ndani ya sufuria ya mboga za managu. Tulikula managu yenye nta, na mume wangu alimaliza sahani kwa sababu aliona sura yangu.

Lakini ule wa waya, wakuu! Nilipouwasha stima ilipopotea tena, ukuta wote ukajaa majani ya chai ya mwanga. Yanatembea polepole vile mkebe unazunguka. Chebet aliketi chini, akafungua mdomo. Mimi pia nilifungua.

Kogo akaingia, akaangalia juu. Akasema, "Moto unakaa chini. Nani ametundika moto?"

Nikamwambia ni mimi.

"Utachoma nyumba ya kijana yangu."

"Kogo, huo wa chini ndio umechoma nywele ya mjukuu wako."

Halafu akatoa hukumu: nitengeneze vile nataka, lakini mpaka Jumapili. Kitu kikianguka, kikitoa moshi mbaya, mtoto akikigusa, mikebe yote inaingia choo cha shimo na mshumaa unarudi kwa meza. Nilimuuliza mume wangu anasema aje. Akasema mama ameongea.

Nilikasirika mpaka nikatoboa mikebe mingine yote iliyobaki. Hasira ni fundi mzuri, niamini.

Jumamosi mchana nikaitundika kwa veranda, ile ya mlango wa mbele, nione kama upepo utaiangusha kabla sijaiweka kwa nyumba. Mikebe ilikuwa imependeza. Waya ndio ulikuwa mbaya, una kutu, unaonekana kama fensi. Ilikuwa fensi.

Kwa ua wa Kogo kuna ile mmea ya kutambaa inaitwa sinendet. Kijani kizuri, laini, inajipinda yenyewe. Nilikuwa nimeiona shingoni mwa wakimbiaji wakirudi na medali, na watoto waliopita mtihani wakibebwa. Kwa akili yangu ni ua la ushindi. Na mimi si nimeshinda? Nikakata, nikazungushia waya zote, ingine ikabaki nikapitisha juu ya mlango.

Ikakaa vizuri sana. Nikaingia ndani kumsuka dada ya mume wangu, Chelangat, ambaye alikuwa amekuja weekend kutoka college.

Mama Naomi alikuwa anatoka buying center ya chai na kikapu tupu mgongoni. Akaona sinendet kwa mlango wetu. Na ndani ya mlango akaona Chelangat anasukwa.

Mtu wa kawaida angeuliza. Mama Naomi alitembea haraka.

Kabla sijamaliza upande mmoja wa kichwa, nikasikia vigelegele. Kutoka kwa barabara. Vinakuja kwetu.

Wamama wanaingia boma! Mmoja ana kibuyu cha mursik, yale maziwa ya kulala ya sherehe, mmoja amevaa leso ya kanisa, mmoja amebeba kuku anayelalamika. Mama Naomi mbele kama chifu.

"Mmetuficha!" ananiambia. "Watu wa Kisii mnapenda siri. Koito iko leo na hamsemi?"

Koito, kwa wale hawajui, ni siku watu wa kijana wanakuja kuomba msichana.

Chelangat akatoka nje, nusu amesukwa nusu nywele zimesimama. "Koito ya nani?"

"Yako, mama."

"Mimi na nani?"

"Si wewe ndio unajua!"

"Mama Naomi, kama umenipatia bwana, basi niambie jina nijue kama ni mzuri."

Wamama wakacheka, lakini wakawa wameshakaa. Kuku akafungwa kwa mguu wa benchi. Mimi nimesimama na chanuo mkononi, sielewi, mpaka mmoja akaonyesha mlango na kidole: sinendet haiwekwi hapo bure. Iko kwa mlango, kuna sherehe.

Damu yangu ilishuka mpaka kwa sandals.

Wakati huo huo Kogo akatokea kutoka kwa ng'ombe na ndoo ya maziwa. Akaona watu. Akaona kuku. Akaona ua wake vile umenyolewa. Akaona mlango.

"Nani amekata sinendet?"

Mume wangu alikuwa hapo. Alianza kuangalia viatu vyake kana kwamba amevinunua leo.

"Ni mimi, Kogo."

"Ya nini?"

"Ya... mikebe."

Halafu Mama Naomi: "Ooi! Kumbe ni mkebe ndio inaolewa!"

Wakuu, kicheko kilichotoka hapo kilifika Bomet. Nilitaka udongo mwekundu unimeze na msumari wangu. Na ndani ya moyo najua: imeisha. Jumapili haijafika na nimeshaaibisha mama ya watu mbele ya wamama wa kanisa. Mikebe inaingia choo leo.

Kogo hakucheka. Aliweka ndoo chini akaniambia niweke maji ya chai, sufuria kubwa. Mtu amekuja na mursik kwako, huwezi kumrudisha nayo.

Nikaweka chai. Mvua ikaanza. Na kama kawaida yake, stima ikaenda.

Giza kwa veranda. Wamama wote ndani ya giza na vikombe vya moto, watoto wao miguuni. Mtu akasema, "Lete koroboi." Nikachukua kiberiti, sikuuliza mtu. Nikapanda kiti nikawasha mkebe mmoja, na ule mwingine, mpaka yote.

Wamama wakainua vichwa.

Majani ya chai yalikuwa kila mahali. Kwa ukuta, kwa leso, kwa uso wa Mama Naomi. Mmoja akanyoosha kiganja, jani la mwanga likakaa hapo, akaangalia tu. Yeye huchuna chai kila siku ya Mungu.

Chebet akaja katikati. Akainua mkono kushika mkebe. Akaruka. Akaruka tena. Akasimama kwa vidole, akanuna, akalia kidogo, akaacha. Akaenda kumsumbua kuku.

Nikaona Kogo anamwangalia. Alimwangalia muda mrefu, halafu akaangalia zile nywele zake za mbele zilizoungua, fupi bado.

Akasimama. Akafungua sinendet kutoka kwa mkebe wa karibu, polepole. Nikajua anaanza kubomoa.

Akaja akanivalisha shingoni.

"Hii kitu haifungwi kwa mkebe," akasema. "Inavalishwa mtu. Na imeshakatwa. Basi leo ni ya mama ya Chebet."

Halafu akapiga kigelegele, yeye mwenyewe, Kogo! Wengine wakamjibu. Mursik ikamiminwa na mimi nikapewa ya kwanza. Nililia, na sitaki mtu anicheke hapa.

Kuku tulimla. Alikuja kwa sherehe, alipata sherehe.

Jumapili ikafika na mikebe ikabaki juu. Kogo ameitisha mkebe wa jikoni kwake na wa zizi la ng'ombe. Wa zizi nimekataa, kuna nyasi kavu huko, atumie tochi. Hatuongei vizuri juu ya hiyo.

Hasira yangu imebaki kwa watu wawili. Mama Naomi, kwa sababu mpaka leo kuna watu wananisimamisha sokoni kuuliza harusi ya Chelangat ni lini. Na mume wangu, ambaye nimesikia kwa duka anawaambia wanaume "ile design yetu." Yetu! Bwana, ulishika msumari gani?

Nilichojifunza: waya, si kamba. Udongo uliolowa ndani kabla ya kutoboa. Mshumaa mfupi, mbali na pazia. Na mmea wa ua wa mtu, uliza kwanza unaitwaje na unafanya kazi gani.

Ile sinendet imekauka, nimeitundika kwa msumari karibu na kitanda, mbali na moto.

Sasa naomba msaada wenu, wale mmelea watoto wa aina hii. Jana nimempata Chebet anavuta kigoda sebuleni. Anakivuta kidogo, anaangalia juu, anakivuta tena. Alikuwa amefika karibu chini ya mkebe. Nimefupisha waya na kigoda nimekificha kwa Kogo, lakini nimeona vile anaangalia kiti cha baba yake.

Semeni kitu. Na atakayeniambia nimchunge mtoto, aje amchunge yeye, chai iko.