Leso Niliyoikalia

Binti yangu alinipa tiketi mezani, kati ya sahani ya maharage na birika la chai, akaishikilia kidogo kabla ya kuiachia. Alikuwa amekuja kwetu Bredäng, huku Uswidi, kula chakula cha Jumapili, kama kawaida yake. Tiketi ilikuwa ya onyesho la wiki inayofuata, saa tisa alasiri: mwimbaji wa fado kutoka Ureno pamoja na wapiga tango wanne, mmoja wao akiwa yeye na fidla yake. Tango la muziki, jamani, si lile la kachumbari. Fado, alinieleza, ni nyimbo za Wareno za kulilia kilichokwenda. Muziki wa tango ni wa Waajentina, nao unalia vilevile, ila unalia ukiwa umevaa viatu vya kuchezea.

"Mama, snälla," akasema. Hiyo ni tafadhali ya Kiswidi, na mwanangu akiitumia huwa ni onyo. "Ukae tu. Usikilize," akamalizia kwa Kiswidi hichohicho.

Nilijua anachosema. Miaka kumi na mitatu ilikuwa imepita, lakini nilijua.

Mimi ni Mrundi niliyekulia Kigoma. Kanisani kwetu mwimbaji akikugusa moyo, hukai ukamtazama tu akitokwa na jasho. Unainuka na leso yako, unakwenda mbele, unamfuta uso, unampepea mara mbili tatu, unarudi kwenye benchi lako. Wimbo hausimami. Ni heshima, na mwimbaji asiyefutwa jasho hurudi nyumbani akijiuliza amekosea wapi.

Basi binti yangu akiwa na miaka kumi na mmoja alipiga fidla peke yake shuleni, mbele ya wazazi wote. Nikaona kijasho kwenye pua. Nikainuka na leso, kama mtu aliyelelewa. Upinde ukateleza, fidla ikapiga kelele kama mlango usiotiwa mafuta, watoto wawili wakacheka, na mwalimu ghafla akapata shughuli kwenye karatasi zake. Ndani ya treni mwanangu hakunisemesha mpaka tunashuka. Tangu siku ile tiketi zote zilikwenda kwa baba yake.

Na baba yake ni shahidi asiyefaa kitu. Anafanya kazi kwenye ghala kule Jordbro, ni mtu mwema, sina la kumlaumu, lakini ukimuuliza onyesho lilikuwaje atakwambia, "Zuri." Mtoto alipiga nini? "Muziki." Watu je? "Walipiga makofi." Miaka kumi na mitatu nimemsikiliza mwanangu kupitia mdomo wa mtu huyo! Iliniuma, sitaficha. Safari hii baba alikuwa na zamu, ndiyo maana tiketi ikaniangukia mimi, na nilijua wazi kwamba nikiharibu sitaiona nyingine mpaka nazikwa.

Siku moja kabla ya onyesho nilimweleza rafiki yangu Mkongo, tunayefanya naye kazi kwenye nyumba ya wazee Spånga. Tulikuwa tunatandika kitanda. Alicheka mpaka akaachia shuka.

"Ma chère, miye nakujua," akasema. "Kule utaikala juu ya mikono yako yote mbili, c'est tout, basi. Na hiyo leso, uiache ku nyumba."

Leso sikuiacha. Mwanamke mwenye akili hatoki bila leso. Lakini shauri la mikono nililichukua.

Ukumbi ulikuwa mdogo, upande wa Södermalm, una viti vya mbao, na Waswidi wamekaa kimya kama watu wanaosubiri daktari awaite. Kiti changu kilikuwa safu ya pili, pembeni kabisa, penye njia. Yaani ukitaka kumpa mtu majaribu, mpe kiti kama kile. Nikaweka mkoba miguuni na mikono chini ya mapaja.

Akatoka mwimbaji, mama wa makamo mwenye shali nyeusi mabegani, na nyuma yake mzee mwenye gitaa la Kireno, lile lenye tumbo la mviringo na nyuzi kumi na mbili. Taa zikapunguzwa. Mama yule akafumba macho, akainua kidevu, akaimba. Kireno sikijui, lakini nilisikia kwamba kuna mtu anagombezwa, na papo hapo nikawa upande wa mwimbaji. Jirani yangu, mzee wa Kiswidi mwenye sweta ya kijani, machozi yalimtiririka mpaka kwenye ndevu wala hakujigusa. Mimi kazini nafuta nyuso za wazee kuanzia alfajiri. Kuuacha uso ule kulikuwa mtihani, na niliushinda.

Kisha wakaingia wapiga tango. Mwanangu alivaa gauni jeusi, nywele kazisuka vizuri, hakunitazama. Wakawa wanapokezana: mama wa fado anaimba, wao wanajibu, yeye anaimba tena. Mwisho wakaanza kupiga pamoja, na katikati ya wimbo mmoja wengine wote wakanyamaza, ikabaki fidla peke yake.

Sikumfahamu. Mtoto niliyempa uji alikuwa anapiga kitu ambacho sikukijua ndani yake, mara taratibu kama anabembeleza, mara kwa hasira, na hasira hiyo niliitambua maana ni ya kwangu. Nilijivuna na nikaumia kwa pamoja. Hiki ndicho baba yake alichokuwa akikiita "zuri"! Jasho lilimtoka kwenye paji la uso, likashuka kando ya jicho. Mkono wangu ulikwishaingia mkobani bila kuniuliza. Leso ikatoka. Nikainuka nusu.

Akanitazama. Juu ya fidla, macho kwa macho.

Nikakaa. Nikaikalia leso, na mikono yote miwili nikairudisha chini. Vigelegele vilivyonifika kooni nikavimeza. Walipomaliza nilipiga makofi ya Kiswidi, kwa kipimo, kama wengine wote. Nilikuwa na raha, kweli nilikuwa na raha, na nilijisifu moyoni kwamba safari hii sikumwaibisha mtoto wa mtu.

Nilikuwa kwenye foleni ya kuchukua makoti alipotokea, fidla mgongoni, uso bado unang'aa kwa jasho. Akasimama mbele yangu asinikumbatie.

"Mama, haikukugusa?"

Kwa Kiswahili. Mwanangu hunijibu Kiswidi tangu alipoanza shule, hata nikimwuliza kwa Kiswahili kama ameshiba.

"Ilinigusa nini! Kidogo nife pale."

"Mbona ulikaa?" Sauti ilikuwa ya yule wa miaka kumi na mmoja. "Uliinuka, nikakutazama uje, ukakaa."

"Nilidhani unanionya."

"Nilikwambia ukae kwa sababu niliogopa. Halafu ulipoinuka nikaona, aa, basi nimepiga vizuri. Halafu ukakaa."

Nikatoa leso. Ilikuwa imekunjamana kwa kukaliwa. Mzee wa sweta ya kijani alikuwa nyuma yetu na kijikaratasi cha namba ya koti lake mkononi, na foleni nzima ilisimama, lakini kusubiri ni kitu Waswidi wanachokijua. Nikamfuta paji la uso, kando ya macho, pua, na chini ya kidevu pale fidla ilipoacha alama nyekundu. Nikampepea mara tatu.

Akafumba macho, akainamisha kichwa.

"Na shingoni, Mama," akasema.