Maji Niliyomwaga Mtaroni

Sheria za bwawa niliziweka mimi. Nalisema mapema ili mtu asije akadhani sikuzijua. Upande wa mikorosho ni wa kuteka. Upande wa chini ni wa kufulia, na sabuni isiguse maji: unateka kwa ndoo, unafulia juu kwenye nyasi, maji machafu unayamwaga mchangani. Atakayekamatwa ataingia bwawani kuvuta magugu Jumamosi nzima, watu wakimtazama.

Bwawa hilo lilikuwa bondeni, huku kwetu Temeke ya pembeni. Bomba tulikuwa nalo, lakini ukilifungua linakoroma upepo tu. Kwa hiyo bwawa ndilo lililotunywesha, ndilo lililomwagilia mchicha, na watoto walivua perege humo. Akina mama wakanifanya mwenyekiti wao, si kwa elimu, maana kusoma nilijifunzia ukubwani kwenye kisomo cha jioni. Walinichagua kwa sababu simwonei mtu haya. Kuna msichana mmoja, mzazi wa juzi tu, nilimkuta anasuuza nepi upande wa kuteka. Alinililia kwamba ana homa. Nikamwingiza kwenye magugu vilevile.

Miaka ile biashara ilikuwa ruksa na kila ua ulikuwa na mradi. Mume wangu alipunguzwa kazi kiwandani Chang'ombe, akabaki kukaa barazani na redio. Mie nikajifunza batiki kwenye kikundi. Unachora kitambaa kwa nta, unakitumbukiza kwenye karai la rangi iliyochanganywa na kostiki soda, unakianika, kisha unakichemsha nta itoke. Batiki ilisomesha wanangu, siisemi vibaya. Ila maji yanayobaki kwenye karai ni makali, yanateleza kama uteute na yanakula ngozi. Yale nilikuwa nayamwaga chooni. Kwenye kamati ya bwawa niliwaambia hivyo, na siku niliyosema ilikuwa kweli.

Masika yakaja, choo kikafurika. Nilikuwa na kazi kubwa ya sare za harusi, makarai matatu kwa siku. Mvua inapiga, mtaro nyuma ya ua wangu unakwenda kasi, nikamwaga humo. Nikajiambia mvua haibakizi kitu. Kesho yake nikamwaga tena. Mvua zikakatika, choo kikapungua, nami nikawa nimeshazoea mtaro. Kubeba karai hadi chooni ni hatua arobaini. Hadi mtaroni ni kugeuka tu.

Mtaro ule ukitoka kwangu ulipita kwenye uwanja wa kijana mmoja fundi wa kupaka rangi magari, ndipo ukateremka bwawani. Alikuwa mtu wa kusini, mpole, ana mke na watoto wawili. Magari ya mtumba yalikuwa yameanza kuingia kwa wingi, naye alikuwa anayaziba mabonde kwa puti, anayapiga msasa, anayapulizia rangi hadi yanang'aa. Ardhi ya pale kwake ilikuwa na madoa ya kila rangi. Mtu yeyote akipita angeyaona.

Perege wakaanza kuelea. Mchicha wa ukingoni ukaungua majani kama umemwagiwa maji ya moto, na watoto wakatoka vipele. Akina mama wakaja kwangu na samaki mmoja kwenye ungo, wakauliza hii ni nini. Sikumtaja fundi. Nilifanya vibaya zaidi ya hapo. Niliwauliza, mtaro unaoingia bwawani unapita wapi? Wakatazamana, wakajijibu wenyewe. Nilijua. Nilikuwa sitaki kujua, lakini nilijua, maana povu lililokaa kwenye matete lilikuwa na buluu ile ile niliyoipika Jumanne.

Mkutano ukapangwa. Kabla haujafika tukapata msiba, shemeji yangu alifariki. Sie Wazaramo na Wanyamwezi ni watani, na jirani yangu wa mlango wa pili alikuwa Mnyamwezi. Kwenye msiba mtani ana ruhusa ya kusema lolote, na wewe mfiwa huruhusiwi kununa. Siku ya kuanua matanga akatokea amejifunga khanga yangu, kaichomoa kambani bila kuniuliza, kajitia buluu ya kufulia mikononi hadi viwiko. Akakamata beseni. Akaanza kutembea mwendo wangu, kifua mbele, anafokea watoto kwa sauti yangu hasa.

"Nyie! Anayechafua bwawa nitamvunja miguu! Bwawa ni mama yenu!" Na huku anafoka, anamimina beseni nyuma ya mgongo wake, chururu, bila kugeuka.

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mjane mwenyewe alicheka. Nami nikacheka. Mtani akanisogelea, akaninong'oneza, bado anatabasamu kwa ajili ya watu: "Mtani wangu, mie nimemaliza kazi yangu. Iliyobaki ni yako."

Desturi yetu imewekwa hivyo ili neno zito lipite bila ugomvi. Mimi niliigeuza ikawa maficho yangu. Kwa kuwa lilisemwa na mtani, lilikuwa mzaha, na mzaha haupelekwi kwa mjumbe.

Mkutano ulikaa uwanjani kwa mjumbe wa nyumba kumi. Fundi alikuja peke yake, mkewe alibaki ndani. Wakamsema mmoja mmoja. Akajitetea kwamba rangi yake anapulizia juu ya bati na makopo anayauza, hakuna anachomwaga. Hakuna aliyemsikiliza. Mwisho akanigeukia mimi, kwa heshima, mikono nyuma.

"Shikamoo mama. Naomba kuuliza tu. Maji yako ya batiki unamwaga wapi?"

Watu wakanigeukia. Mtani wangu alikuwa amekaa kwenye jamvi mbele yangu, anachezea ukindu, hakuinua macho.

"Chooni," nikasema.

Hata marahaba sikumpa.

Akapewa siku saba ahame. Aliondoka siku ya nne, godoro na kompresa yake ya kupulizia rangi juu ya mkokoteni, mtoto mdogo kakaa juu ya godoro. Wakati wanapita kwangu niliingia ndani nikajifanya napika.

Mtu angedhani nilikoma hapo. Niliacha wiki mbili. Kisha oda ikaja, nikamwaga kwa siri, kidogo kidogo, nikitaka kuona kama kweli ni mimi. Perege wakaelea tena, na safari hii hapakuwa na fundi wa kumtazama. Akina mama wakaanza kuulizana nani mwingine yuko juu ya mtaro. Hapo ndipo niliogopa, na ni woga ulionipeleka Chang'ombe kumtafuta. Ningependa kuandika kwamba ni imani.

Nilimkuta kwenye gereji ya mtu, kibarua, anapiga msasa mlango wa gari. Akaniamkia. Nikamwambia yote, nimesimama, mkoba kifuani. Hakuacha kusugua.

"Mama," akasema, "huku umenijia peke yako. Kule mlinisema mkiwa wengi."

Nikarudi. Ijumaa ile nikaomba mjumbe aite watu, nikasema mbele yao: ni mimi, tangu masika, na mkutanoni niliongopa. Nilidhani watanizomea. Ingekuwa nafuu. Walikaa kimya mpaka mtoto wa mtu akaanza kulia, ndipo yule msichana wa nepi akauliza, bila hasira, kama anayeuliza saa:

"Sasa nani ataenda kumwambia arudi?"

Nikasema nimeshakwenda. Akasema, "Nenda tena. Twende wote."

Tulikwenda akina mama kumi na mjumbe wetu. Walimwomba radhi mmoja mmoja, kama walivyomsema, na mimi nilikuwa wa mwisho. Fundi alitusikiliza mpaka mwisho. Akasema amesikia na hana kinyongo, lakini mwanawe mkubwa ameshaanza shule ya huku, na mkewe ameapa hakanyagi tena kule. Akatuagizia soda kwa mkopo kwenye kibanda cha jirani. Hakuna aliyekataa, na hakuna aliyeimaliza.

Nilichimba shimo langu mwenyewe, mbali na mtaro, nikaweka mchanga na mkaa, na wote wenye batiki mtaani wakawa wanamwaga humo. Uenyekiti nilivuliwa, ni haki. Bwawa lilichukua karibu mwaka kusafika. Wageni wakija kuuliza tulifanyaje, wenzangu huwaeleza habari ya shimo, ya mchanga na mkaa, na huninyooshea kidole kwamba bibi yule ndiye aliyeanza. Mara mbili tatu niliacha wamalize hivyo hivyo. Siku hizi nawakatiza. Nawaambia kwanza habari ya fundi, kisha shimo.