Dirisha Lisilo na Jirani

Fundi mapazia alijifunza kazi katika mtaa ambao ukinyoosha mkono dirishani unaweza kumzimia jirani taa. Huko dirisha ni tundu la umbea, na pazia zuri ni lile linaloziba. Ndiyo maana alikuwa na mtindo wake: vipande viwili vya pazia alivishona pamoja katikati, juu hadi chini, usibaki ufa wa hata jicho moja. Aliyetaka mwanga aliinua pindo.

Siku mama mmoja alipomletea vipimo vya dirisha la nyumba ya mawe huko shamba, gofu la zamani lililokuwa likifufuliwa liwe nyumba ya mapumziko, fundi hakuuliza dirisha linatazama wapi. Alichagua kitambaa kizito, akakitia bitana, na mshono wa katikati ukanyooka hata yeye mwenyewe akajionea wivu. Hakuwahi kushona kazi nzuri kama ile.

"Nenda na mzee wako mkalitundike, mlale huko huko," mama huyo mwenye nyumba alimwambia. "Jumapili asubuhi nakuja kuona. Likinipendeza, mapazia ya nyumba zangu nyingine mbili nyuma ya kilima ni kazi yako."

Walifika Jumamosi, giza limekwisha kuingia. Mume wa fundi, dereva wa lori aliyestaafu, alipanda stuli akatundika pazia. Kuta zilikuwa nene, zinanukia chokaa mbichi. Boriti za kale zimepakwa mafuta zikang'aa.

"Humu hata kukoroma ni lazima uombe ruhusa," mume alinong'ona.

"Basi wewe omba mapema."

Asubuhi fundi aliamshwa na sauti ya mumewe huko nje. "Mama watoto! Njoo!"

"Kuna nini?"

"Sijui nisemeje. Wewe njoo tu!"

Uvivu ukamshika. Badala ya kutoka, aliinua pindo la pazia akapenyeza kichwa, kama mtoto aliyejificha nyuma ya gauni la mama yake.

Wingu lilikuwa limelala chini ya nyumba. Bonde zima limejaa weupe, na vilima vimechomoza vichwa tu, kimoja baada ya kingine, mpaka macho yakachoka kufuata. Ndege walipita chini yake, mabawa yakishika jua. Aliona migongo yao. Umri wote ule, hakuwahi kuona mgongo wa ndege akiwa angani.

Akarudisha kichwa ndani, akatafuta wembe.

Mume aliporudi ndani alimkuta juu ya stuli, wembe mkononi, mshono umefumuliwa hadi kifuani.

"We! Umerogwa? Mwenyewe anakuja sasa hivi!"

"Najua."

"Kingo zote nyuzi nje, na cherehani hukuja nayo. Na zile nyumba mbili je?"

"Shika stuli, baba. Inacheza."

Akaishika, huku akiguna. Uzi wa mwisho ulipokatika, fundi alisukuma pazia huku na huku. Mwanga ukaingia kwa mkupuo, ukapanda kitanda, ukagusa boriti.

Gari likasimama uani. "Hodi humu!"

"Fundi, amefika," mume alisema.

"Mkaribishe." Hakugeuka. Nyuzi zilimning'inia begani, na macho yalikuwa yamemlowa. "Mwambie ya kazi tutaongea baadaye. Wingu linapasuka."