Pasi ya Familia

Mwaka ule ambao matatu zote za Nairobi zilipakwa mstari wa manjano, binti wa marehemu dada yangu aliandika insha ya uongo. Mwalimu aliwataka waeleze siku waliyoifurahia zaidi wakati wa likizo. Wenzake waliandika juu ya Krismasi ushago, kijijini kwao, kuchinja mbuzi na kadhalika. Yeye aliandika kwamba mimi na mume wangu tuliwapeleka, yeye na wanangu wawili, kwenye bustani ya michezo iliyoko nje ya mji, ile yenye magari ya kugongana na mabomba marefu ya kuteleza majini. Alipanda gurudumu kubwa, akasema, mpaka akaliona paa la nyumba yetu Riruta. Mwalimu aliipenda sana insha hiyo, akamsimamisha aisome mbele ya darasa.

Mle darasani kulikuwa na mtoto aliyewahi kufika huko kweli. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza gurudumu hilo liko upande gani wa bwawa. Msichana wetu alijibu, mtoto yule akacheka, na darasa zima likamfuata. Habari hii sikuisikia kwake. Niliipata kwa mwanangu, aliyesoma shule hiyohiyo, tena kama kichekesho tukiwa mezani. Msichana hakuinua uso. Aliendelea kumega ugali wake.

Alikuwa darasa la sita wakati huo. Alikuwa ameishi nasi tangu dada yangu afariki, na kwa muda wote huo hakuwahi kuniomba kitu kisichokuwa cha shule. Hata viatu vikimbana alinyamaza mpaka mimi mwenyewe nione anavyotembea. Usiku ule niliamua kwamba huko bustanini atafika.

Nilikuwa nikishona sare za shule kwenye kibanda Ngara. Saa ya chakula nilitembea hadi mjini, kwenye duka lililouza tiketi za bustani ile. Msichana wa kaunta alinieleza vizuri tu, bila dharau. Kulikuwa na kiingilio, kulikuwa na malipo ya kila mchezo, na kulikuwa na pasi ya siku nzima iliyoruhusu kila kitu. Nilipiga hesabu ya watu wazima wawili na watoto watatu, nikamshukuru, nikatoka. Nilirudi baadaye kuuliza kama kuna siku za bei nafuu. Zilikuwapo, ila zote ni siku ambazo watoto wako shuleni. Kanisani, mwalimu wa shule ya Jumapili aliniambia kundi likijaza basi hupunguziwa, akaanza kuandikisha majina. Basi halikujaa hata nusu. Wazazi waliitikia kwa moyo mkunjufu baada ya ibada, kisha wakaanza kutokea mlango wa nyuma.

Mwanamke tuliyeshona naye ndiye aliyenifungua macho. Alisema makampuni makubwa huzinunulia familia za wafanyakazi siku nzima kule, na mfanyakazi huweza kuchukua pasi kwa bei ya chini sana hata kwa ajili ya ndugu zake. Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, alikuwa mhasibu katika mojawapo ya majengo yale marefu ya Upper Hill. Sikupenda kumwomba kitu. Alikuwa mtu wa kukupa huku akikutazama kuona kama umeshukuru ipasavyo. Lakini nilimwambia mume wangu amwulize, akamwuliza, na baada ya wiki kadhaa shemeji akaja Riruta akiwa na bahasha.

Tulimpikia kuku. Msichana ndiye aliyemmiminia maji ya kunawa, na ndiye aliyemletea chai. Shemeji alitoa pasi, akaiweka mezani ili sote tuione. Ilikuwa pasi moja ya familia: wazazi na watoto wao, wasiozidi watatu. Nilimtajia waziwazi kwamba watatu wangu ni hawa, nikamshika msichana begani. Shemeji akatikisa kichwa kukubali, akaongeza sukari kwenye chai yake. Alipoondoka, msichana aliichukua pasi ile, akaisoma mbele na nyuma, akairudisha kwenye bahasha taratibu kana kwamba ingechanika.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi. Langoni kampuni ilikuwa imepanga meza chini ya hema, na shemeji alikuwa pale amevaa kofia ya kampuni, akiwasaidia wenzake kupokea watu. Kando yake alisimama bosi wake, mama wa makamo mwenye kofia ya jua, akizisalimia familia moja baada ya nyingine. Kijana wa kampuni alikuwa akimfunga kila mtu utepe wa karatasi mkononi. Alimfunga mume wangu, akanifunga mimi, akawafunga wanangu wawili. Msichana alikuwa tayari amenyoosha mkono wake juu ya meza.

Yule mama akatabasamu, akamwuliza shemeji kama sisi sote ni wa kwao. Lilikuwa swali la salamu tu, la kumchangamsha mtu. Shemeji akaona haya au akaona hofu, mpaka leo sijajua ni ipi. Akasema, "Hawa wawili ndio wa ndugu yangu. Huyu ni wa dada ya mke wake, wamekuja naye tu."

Bosi alikuwa ameshageukia familia iliyotufuata. Sina hakika kama hata alilisikia jibu. Aliyelisikia ni yule kijana wa tepe. Akautazama mkono wa msichana, akamtazama shemeji, na shemeji akajishughulisha na karatasi zake. Kijana akasema samahani, maagizo ni wazazi na watoto wao, akatuomba tusogee tusizuie watu.

Nilimwambia mume wangu akaseme na ndugu yake. Akanijibu kwa sauti ya chini kwamba tusilete aibu mbele ya watu wa ofisi. Nikaenda kwenye dirisha la tiketi, nikiwa tayari kulipa bei kamili kwa pesa nilizoweka za dharura. Dirishani wakaniambia hawauzi, siku hiyo ni ya kampuni. Niliporudi, wanangu walikuwa wanaruka kwa hamu, maji yakisikika ndani, na msichana amesimama pembeni ameficha mikono nyuma ya mgongo.

"Aunti, nyinyi ingieni tu," akasema. "Mimi nitawangoja hapa."

Nilirarua utepe wangu, nikamwambia mume wangu aingie na watoto. Mimi na msichana tukaketi kwenye ukingo wa saruji nje ya ua. Kutoka pale gurudumu lilionekana likipanda na kushuka juu ya miti, na watu walipiga kelele kila lilipofika kileleni. Alilitazama kwa muda, kisha akabadilisha mkao akalipa mgongo. Nilijaribu kumpa hadithi za mama yake, jinsi tulivyoteleza kwenye majani ya mgomba tukiwa watoto. Aliitikia kwa adabu. Baadaye sana, bila kunitazama, akasema, "Kumbe mimi si wa kina uncle."

Nilimwambia yeye ni wangu. Hilo alilijua. Halikuwa ndilo alilolisema.

Mchana shemeji alimtuma mume wangu atuletee sahani ya kuku na chipsi pamoja na soda. Nilitaka kuimwaga pale barabarani. Msichana akaipokea kwa mikono miwili, akasema asante, akala kidogo. Wanangu walipotoka jioni, nywele zimelowa na sauti zimekauka, walianza kusimulia wote wawili kwa pamoja, na yeye ndiye aliyewauliza maswali. Magari yanagongana kwa nguvu? Maji ni baridi? Mwanangu alimjibu mpaka alipogundua nimeacha kutembea.

Nyumbani nilimwambia mume wangu yote niliyokuwa nimeyameza kutwa nzima. Alinisikiliza akiwa ameketi kitandani, viatu bado miguuni, kisha akasema, "Ndugu yangu hakusema uongo." Nimeishi naye miaka mingi tangu hapo, na ni mume mwema kwa mambo mengi. Sentensi hiyo sijawahi kuiondoa kati yetu.

Shemeji alikuja kujieleza. Alisema mwenzake mmoja alikuwa amekaripiwa kwa kuingiza marafiki kwa pasi za familia, naye aliogopa kibarua chake. Nilimwelewa. Nilielewa pia kwamba mama yule hakuwa na habari nasi, na kwamba neno moja, au hata kunyamaza tu, kungetosha. Nilimpa chai. Msichana hakutoka chumbani kumsalimia, na kwa mara ya kwanza sikumwita.

Mwaka uliofuata nilipata kazi ya kushona mapazia ya hoteli moja. Malipo yalipoingia nilikwenda mjini, kwenye duka lilelile, nikanunua pasi za bei kamili, kila mtoto ya kwake. Nilizipanga mezani jioni nikaita watoto. Wadogo walishangilia. Msichana aliishika yake, akanishukuru, akasema itakuwa vizuri nikimpa mtoto wa jirani. Nikamwuliza kwa nini.

"Nimekuwa mkubwa, aunti. Na nina mtihani."

Mtihani ulikuwa bado mbali. Sikumbembeleza, kwa sababu niliuona uso wake na nikajua ningekuwa namwomba ili kuutuliza moyo wangu mimi, si wake. Jumamosi hiyo aliamka mapema, akazinyoosha nguo za wadogo zake, akamsuka binti yangu nywele vizuri zisiharibike na maji, na akamfunga mtoto wa jirani kamba za viatu. Alitusindikiza hadi geti la ploti, akalifunga, akarudi ndani.