Siku Niliyomsomea Mama Mkwe Mauaji ya Bafuni

Mama mkwe wangu aliniomba nimsomee jinsi msichana mmoja alivyochinjwa bafuni, na aliyemchinja msichana huyo ni mimi.

Tulieni. Nilimchinja kwenye simulizi.

Mchana natengeneza friji. Jioni naandika hadithi za kutisha mtandaoni kwa jina la Mzee wa Makaburi. Nilianza kistaarabu tu. Simulizi yangu ya kwanza ilihusu chumba cha marehemu ambacho mlango wake ulikuwa unafungwa kwa ndani, na watu waliogopa kweli.

Baadaye nikaingiwa na uroho wa laiki. Kila mzimu ukapewa panga, na kila msichana akawa anaoga.

Wasomaji wakaanza kuchefukwa. Mmoja, aliyejiita Shangazi Mkali, alinikaba koo hasa. Aliandika: "Mtu anakimbizwa na mzimu, damu imefika magotini, huo muda wa kuvua nguo na kujipaka mafuta anautoa wapi?"

Watu wakacheka wee. Mimi nikamjibu kwa jeuri kwamba kama ana roho nyepesi, akasome hadithi za sungura.

Nyumbani sikumwambia mtu. Mama mkwe hasa ni mtu wa heshima zake. Mbele yake hata neno "paja" silitamki. Nikigawa kuku mezani, nasema "kile kipande kikubwa."

Basi akafanyiwa upasuaji wa macho, akaja kwetu kupumzika, bandeji usoni. Alasiri moja mke wangu akanipa simu ya mama yake, akasema mama anaomba nimsomee hadithi anayoifuatilia, maana mwenyewe anakwenda kufua.

Natazama: Mzee wa Makaburi. Sehemu mpya. Ya bafuni.

Nikajua mama huyu akigundua kuwa uchafu huu ni wangu, mke sina.

Nikasoma huku naruka. Msichana akaanza kufungua vifungo, nikaruka. Mzimu ukamkumbatia, nikaruka. Panga likatoka, nikaruka mpaka chini kabisa. Sehemu niliyoihangaikia wiki nzima ikabaki hivi: msichana aliingia bafuni, mzimu ukaja, mwisho.

"Imeisha?"

"Imeisha, mama."

Akaomba nimwandikie maoni yake pale chini. Nikabonyeza, jina la akaunti yake likatokea: Shangazi Mkali.

Nilitamani ardhi inimeze.

"Andika hivi, baba," akasema kwa upole. "Mwandishi, leo umenisomea vizuri kuliko unavyoandika."

Nikafika kwenye "umenisomea", nikaacha kuandika.

"Mke wako alishanisomea yote asubuhi," akaendelea. "Anajua kazi zako siku nyingi, maana unajisomea kwa sauti ukidhani hayupo. Mimi nilitaka kuona kama una haya. Ungenisomea ule uchafu wote mbele yangu, leo ningeondoka na mwanangu."

"Shikamoo, mama," nikajikuta nasema, wakati tulishaamkiana tangu asubuhi.

"Marahaba. Sasa nenda kaandike."

Nikaenda. Niliandika kuhusu mwanamke anayeishi peke yake, ameketi sebuleni, mara anasikia mtu anaoga bafuni kwake na kumwita kwa jina amletee taulo. Hakuna aliyevua hata kandambili.

Mke wangu akamsomea mama yake. Walipomaliza, mama mkwe akatangaza kwamba halali peke yake, binti yake akahamia chumbani kwake. Nikaachiwa kitanda kizima, mkojo umenibana, na bafuni siendi.

Wenzangu mnaoandika, kipande ambacho huwezi kumsomea mkweo mchana kweupe, kifute kwanza uone kama hadithi itapungukiwa na chochote. Yangu haikupungukiwa. Iliongeza watu wanaoogopa, na mwandishi mwenyewe akiwemo.