Msusi na Watoto wa Mwenzake

Mtaa mzima ulimwita Msusi, na hata mumewe alishasahau kumwita vingine. Saluni yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao: viti viwili, kioo chenye ufa pembeni, na benchi la wateja ambao nusu yao hawakuja kusuka bali kupiga soga. Mumewe, fundi wa majokofu, alifanyia kazi uani. Mtoto wao wa pekee alikuwa ameshaoa na kuhamia mbali, na nyumba ilikuwa imepoa mno kwa mwanamke aliyezoea kelele.

Afisa wa ustawi wa jamii alipoitisha mkutano shuleni kutafuta familia za kulea watoto kwa muda, Msusi alikwenda na mumewe, kwa udaku tu. Alitoka nje kidogo kupokea simu. Aliporudi, alimkuta mumewe kanyoosha mkono juu.

"Umekubali nini wewe?"

"Watoto," mumewe akajibu, kama mtu aliyeagiza chai.

Walinuniana siku kadhaa. Mwisho Msusi mwenyewe ndiye aliyeanza kukifagia chumba cha mwanawe.

Baada ya mafunzo na kukaguliwa nyumba, wakaletewa wasichana wawili wa tumbo moja. Baba yao alikuwa amefariki, na mama yao akazama kwenye pombe hadi siku majirani walipovunja mlango na kuwakuta watoto peke yao ndani. Mama akapelekwa hospitali kutibiwa. Mdogo alikuwa na miaka minne. Mkubwa alikuwa na tisa, na kwa kuwa mdogo wake alimwita Dada, mtaa mzima nao ukamwita Dada.

Dada hakuwa mtundu. Angekuwa mtundu, Msusi angejua la kufanya. Alimwogesha mdogo wake mwenyewe, akamlisha mwenyewe, akaficha vipande vya mkate chini ya mto. Msusi akijaribu kumpokea kazi, alijibiwa kwa adabu kabisa: "Hapana, shikamoo, huyu ni wangu."

Na nywele hakutaka ziguswe. Kila Msusi alipochukua kitana, mtoto aliruka kama ameona nyoka. Zikasokotana, zikawa kama kiota cha ndege.

"Msusi, hilo ndilo tangazo lako la biashara?" mteja mmoja akatania. Benchi zima likaangua kicheko. Msusi naye akacheka, ila neno lile lilimuuma.

Jumamosi moja, saluni ikiwa imejaa bibi harusi na wasimamizi wake, Msusi aligeuka akakuta watoto hawapo. Mtaa ukaacha shughuli zake. Fundi viatu alishika njia ya sokoni, mwenye duka wa jirani akafunga mlango wake mchana kweupe, mumewe akapanda baiskeli. Waliwapata kwenye geti la hospitali, wamekaa kwenye kigoda cha mlinzi, Dada amempakata mdogo wake.

"Nataka kujua kama yu hai," Dada alisema. "Kila nikiuliza mnaniambia nile."

Jumatatu Msusi alikuwa mbele ya meza ya afisa. "Baba, nimeshindwa. Watafutie watu wengine."

Afisa hakumbishia. "Nani anakusaidia?"

"Mume wangu."

"Na mwingine?"

Msusi akatikisa kichwa.

"Hapo tumekosea sisi," afisa akasema. "Tumekubebesha watoto, tukakuacha peke yako. Nipe nafasi nilirekebishe kabla hujaamua."

Wiki hiyo kikao kilifanyika saluni kwenyewe. Mwalimu wa Dada alikuja, muuguzi wa hospitali alikuja, majirani wakajibana kwenye benchi. Mwenye duka alijitolea kukaa na mdogo saluni ikijaa. Mwalimu alisema Dada atabaki naye baada ya masomo, acheze na wenzake, maana mtoto yule alikuwa amesahau kucheza. Muuguzi aliahidi kuleta habari za mama, nzuri na mbaya.

Msusi alisikiliza, kisha akauliza, "Na mama yao je? Mbona tupo wote hapa isipokuwa yeye?"

"Yule mlevi?" mwenye duka akashtuka.

"Mlevi ana mdomo. Ana la kusema kuhusu wanawe."

Afisa akaridhia. Msusi alikutana na mama yao kwenye bustani ya hospitali: mwanamke mwembamba, mikono ikitetemeka, macho makali.

"Wewe ndiye unayeitwa mama na wanangu?"

"Thubutu! Mkubwa hata nywele hanigusishi."

Yule mama alimtazama, halafu akacheka mpaka machozi yakamtoka, na yalipoanza kutoka hayakukatika upesi. "Analia ukianzia mbele," alisema baadaye. "Anza kisogoni. Na mwambie kabla ya kuvuta."

Mama yao alipotoka hospitali, alikuja saluni kila Jumapili, afisa akiwepo. Alikaa kiti cha pili, Dada akakaa chini katikati ya magoti yake, akasukwa. Msusi alijifanya anakunja taulo.

Kisha Jumapili mbili mfululizo mama hakutokea. Dada alikaa kwenye benchi na gauni lake zuri hadi saluni ikafungwa. Msusi alipandwa na hasira, akaenda hadi chumba alichopanga yule mama, maneno makali yamemjaa mdomoni. Alimkuta sakafuni, ananuka pombe, haoni hata haya. Alimwogesha, akamvalisha, akamrudisha kwa muuguzi.

Nyumbani alimketisha Dada. "Mama yako ameteleza tena. Nimempeleka hospitali. Anaumwa, na anakupenda. Yote mawili ni kweli."

Kesho yake, kabla ya shule, Dada alikuja na kitana mkononi. "Anzia kisogoni," alisema.

Ulipita mwaka na ushee kabla mama hajasimama sawasawa. Mwenye duka, yule yule, alimpa kazi ya kupanga bidhaa. Watoto walianza kulala kwa mama yao mwisho wa wiki, kisha wiki nzima, kisha moja kwa moja. Siku ya kuhama mdogo alimng'ang'ania Msusi akilia, na Msusi aliona uso wa mama wa mtoto ukibadilika. Akambandua mtoto taratibu, akamkabidhi kwa mwenyewe, akasema ana mteja. Hakuwa na mteja. Saluni ilifungwa siku mbili, na mumewe, mtu wa utani, hakutania hata mara moja.

Siku hizi familia nne za mtaa huo zinalea watoto, na hukutana saluni kila mwezi. Walezi wapya wakija, anayewapokea ni mama wa Dada. Juzi mmoja alimuuliza ni kitu gani hasa kilichomsaidia.

"Hawakunificha wanangu," alisema, "wala hawakuwaficha wanangu habari zangu."

Kisha akasogea kwenye benchi, mlezi mpya apate pa kukaa.