Vitanda Vitatu vya Fundi Taratibu

Fundi Taratibu aliishi na kufanya kazi katika chumba kimoja: godoro lake upande huu, msumeno na makopo ya rangi upande ule. Jina hilo alipewa na wateja, maana ukimpelekea kiti, utakisubiri mpaka usahau kama kilikuwa chako. Hakuwa na mke wala mtoto. Aliyemsemesha kutwa nzima ni redio, nayo haikuwahi kumuuliza ameshindaje.

Asubuhi moja redio hiyo ikamtoa jasho. Ilitangaza kuwa kuna vitanda vya watoto, vile vyenye ubavu wa kupandisha na kushusha, vinatakiwa virudishwe kwa waliovitengeneza. Komeo la plastiki hukatika, ubavu ukaachia, mtoto akanasa shingo kwenye mwanya. Wazazi waangalie namba kwenye kibandiko chini ya kitanda.

Fundi akakaa chini puu. Mwaka huo alinunua vitatu vya aina hiyo, vikuukuu, akavikwangua, akavipaka rangi, akaviuza. Na vyote alivibandua vibandiko, eti vipendeze. Sasa wazazi wale wangeangalia namba gani? Aliyebaki kuvitambua ni yeye peke yake, kwa skrubu za shaba alizovitia.

Akaanza kugonga milango. Cha kwanza kilikuwa kimejazwa nguo, mtoto kakua. Cha pili kilikuwa kwa bibi mmoja aliyempa kiti na kupiga naye soga hadi jua likageuka. Vyote viwili akavifungua, akaondoka navyo. Cha tatu kilimla siku nne, kwa sababu mwenye nacho, dada wa saluni, alishahama. Siku nne hizo usingizi ulimruka kabisa.

Akampata mchana, ghorofa ya tatu.

"Fundi Taratibu! Umenifuata mpaka huku? Mimi sijavunja kitu."

"Mtoto yuko wapi, dada?"

"Amelala."

"Kwenye kile kitanda?"

"Sasa alale kwenye sinki?"

"Mtoe, dada yangu, nakuomba. Kile kitanda ni kibovu."

"Kibovu? Si wewe uliyekipigapiga mbele yangu ukasema hata tembo analala?"

"Nilisema. Nilikosea."

Labda dada hakuwahi kumsikia fundi akitamka neno hilo. Aliingia chumbani mbio, akamnyanyua mtoto, nywele zimelowa jasho, akamlaza begani. Fundi akapiga magoti, akausukuma ubavu kwa kiganja, polepole kama mtoto anavyoegemea. Ka! Ubavu ukainama. Mkono wake ukapita kwenye mwanya mpaka kiwiko.

Dada akamkumbatia mtoto kwa nguvu hata akaamka.

"Mimi ningejuaje?"

"Namba hukaa chini yake. Niliibandua mimi. Siku nyingine ukiuziwa kitu cha mtoto hakina namba, muulize muuzaji kaipeleka wapi. Halafu kitingishe mbele yake, usione haya."

"Viko vingapi hivi?"

"Vitatu. Hiki ndicho cha mwisho." Alikuwa ameanza kukifungua. "Kesho nitakuletea kingine, kizima."

"Usijisumbue, fundi," alisema, kwa upole kabisa.

Fundi alitoka na vipande begani, akavivunje visije vikaokotwa na mtu. Mlango ukafungwa nyuma yake. Ndani mtoto alilia, kisha akabembelezwa, kisha kimya. Fundi alikuwa bado amesimama palepale.

Jirani akachungulia. "Unamtafuta nani, mzee wangu?"

"Simtafuti mtu," alijibu, akaanza kushuka ngazi.